Kazi ya Kuhamisha Programu Ipimwe kwa Ushahidi



Kati ya mwaka 1991 na Januari 1994, wadadisi walizitembelea kaya zaidi ya 900 za Mkoa wa Kagera wakiwa na madodoso ya karatasi, kila kaya hadi mara 4. Huo ndio mwanzo wa Utafiti wa Afya na Maendeleo wa Kagera, uliobuniwa na Benki ya Dunia pamoja na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakati UKIMWI ulipokuwa ukiteketeza familia za Bukoba na Muleba. Mwaka 2004 watu walewale walitafutwa tena, hata waliokuwa wamehama mkoa au kuvuka mpaka, na asilimia 93 ya kaya za awali zilipatikana. Mwaka 2010 wakatafutwa kwa mara nyingine. Awamu hizo mbili za baadaye zilifanywa na EDI, taasisi ya utafiti yenye mizizi yake hapa Bukoba, na katika awamu ya 2010 karatasi iliachia nafasi kompyuta ndogo za kubebwa mkononi. Ndani ya kompyuta hizo ilikuwamo programu ya madodoso iitwayo surveybe, ambayo EDI wenyewe waliitengeneza. Wachumi wengi duniani wanaijua Kagera kupitia takwimu hizo kuliko kupitia kahawa yake.

Nimeanza na utafiti huu kwa sababu una jambo ambalo watu wa kompyuta hulisahau: takwimu huishi muda mrefu kuliko mashine zilizozikusanya. Mtoto aliyeandikwa kwenye karatasi mwaka 1991 ni mtu mzima kwenye skrini ya 2010, na ili miaka hiyo ilinganishwe, swali lazima libaki swali lilelile na jibu libaki jibu lilelile. Baada ya 2010 mashine zilibadilika tena. Kompyuta hizo ndogo za Windows zilipotea madukani, na mahali pake pakachukuliwa na vishikwambi. Sensa ya Tanzania ya Agosti 2022, iliyohesabu watu 61,741,120, ilifanywa kwa vishikwambi nchi nzima, na makarani wa Muleba walivivusha ziwa hadi visiwa vya Bumbire na Goziba. Taasisi yoyote yenye programu ya zamani inayofanya kazi vizuri hujikuta mbele ya swali ambalo mhasibu huliuliza mapema kuliko mhandisi: kuihamishia kwenye mashine mpya kutachukua miezi mingapi na fedha kiasi gani?

Jibu langu ni kwamba kwa kawaida tunakadiria kitu kisicho chenyewe. Tunapima ukubwa wa programu, ilhali gharama ya kuhamisha haifuati sana ukubwa huo. Inafuata mambo mawili: eneo dogo la programu linalogusana na mashine moja kwa moja, na ushahidi tutakaohitaji ili kusema kwa dhamiri safi kwamba programu iliyofika ndiyo ileile iliyoondoka. La pili ndilo linalokula muda, na ndilo lisiloandikwa kwenye bajeti.

Kwanza tuelewane kuhusu kinachohama. Kichakataji ni sehemu ya kompyuta inayotekeleza amri, na kila jamii ya vichakataji ina seti yake ya amri. Kompyuta za Windows za wakati ule zilitumia jamii ya x86, ambayo asili yake ni Intel 8086 ya mwaka 1978. Vishikwambi vya Android karibu vyote hutumia jamii ya ARM, iliyoanzia Cambridge, Uingereza, katika kampuni ya Acorn, ambako kichakataji cha kwanza cha aina hiyo kilifanya kazi mwaka 1985. Amri za jamii moja hazieleweki kwa nyingine. Sababu ya kuhama si fasheni. Vichakataji vya ARM hutumia umeme kidogo, na betri inayomaliza siku nzima ya kazi katika kisiwa kisicho na gridi ni jambo la kutosha kumfanya mkurugenzi wa utafiti abadilishe vifaa vyote.

Sasa tazama namna kadirio linavyotengenezwa mara nyingi. Mwaka 1981 mhandisi wa programu Barry Boehm alichapisha mfumo wa hesabu uitwao COCOMO, uliojengwa juu ya kumbukumbu za miradi 63. Katika umbo lake la msingi, kwa mradi wa kawaida wa timu ndogo, unachukua idadi ya mistari ya msimbo kwa maelfu, unaipandisha kwa kipeo cha 1.05, kisha unazidisha kwa 2.4. Programu ya mistari 50,000 inakupa karibu miezi 146 ya kazi ya mtu mmoja. Ni hesabu ya heshima kwa kazi aliyoikusudia Boehm, yaani kuunda programu mpya. Lakini watu huichukua kwa kazi ya kuhamisha, kisha wanakata asilimia fulani waliyoibuni wenyewe kwa hoja kwamba msimbo tayari upo. Asilimia hiyo haina mizizi popote. Boehm mwenyewe alijua kwamba mashine ina uzito wake, ndiyo maana katika umbo pana la mfumo wake aliweka vigezo vya kuyumba kwa mashine na vya uzoefu wa watu juu ya mashine hiyo. Wanaonakili kanuni yake fupi huviacha hivyo nje.

Ushahidi kwamba mistari si kipimo ni wa zamani. Ken Thompson, mmoja wa waundaji wa mfumo endeshi wa Unix, alipoueleza mwaka 1978, aliandika kwamba kiini cha mfumo huo kilikuwa na mistari kama 10,000 ya lugha ya C na kama 1,000 ya lugha ya mashine. Katika hiyo 1,000, mistari 200 iliwekwa kwa ajili ya kasi tu na ingeweza kuandikwa kwa C. Ni 800 pekee iliyofanya kazi ambazo C haikuziweza. Kwa hesabu rahisi, sehemu ambayo lazima iandikwe upya kwa kila kichakataji ni chini ya asilimia 8 ya kiini. Unix ilipohamishwa kutoka kompyuta ya PDP-11 kwenda mashine za Interdata mwaka 1977, na Richard Miller huko Wollongong, Australia, na vilevile Stephen Johnson na Dennis Ritchie katika Maabara za Bell, fundi aliyezitazama hizo 800 peke yake angeona kazi nyepesi. Lakini ndani ya mistari mingine yote, iliyoonekana kuwa huru na mashine, mlikuwa na dhana zilizofichika: kwamba namba ina biti 16, kwamba baiti mbili za neno zimepangwa kwa utaratibu fulani. Mashine mpya ilikuwa na biti 32 na utaratibu mwingine wa baiti. Mafundi wa kompyuta hadi leo hukiita kisa hicho NUXI, yaani neno UNIX baada ya baiti zake kupinduliwa mbili mbili. Hakuna kanuni ya mistari inayoweza kukuambia dhana kama hizo ziko ngapi.

Turudi kwenye madodoso. CSPro ni programu ya Idara ya Sensa ya Marekani, inatolewa bure, na ofisi za takwimu za Afrika zimeitumia tangu ilipotoka mwaka 2000. Ilizaliwa ndani ya Windows, kiini chake kikiandikwa kwa C++. Toleo la Android lilipokuja katikati ya miaka ya 2010, kiini hicho hakikutupwa. Kilihamishwa, na sura ya mbele ikajengwa upya kwa vidole badala ya kibodi. Hapa pana fundisho ambalo wakadiriaji hulipita mbio. Kichakataji kipya hakiji peke yake, huja na ukoo wake mzima: mfumo endeshi mwingine, skrini nyingine, njia nyingine ya kuhifadhi mafaili, na desturi nyingine, kama ile ya Android kuiua programu iliyo nyuma ya pazia mdadisi anapopokea simu katikati ya mahojiano. Hata upana wa herufi hubadilika: kwa programu za C++, herufi pana ya Windows ni baiti 2, na ya Android ni baiti 4. Faili la zamani lililoandikwa kwa baiti 2 likisomwa na programu inayotarajia 4, jina la kijiji huwa takataka. Hilo ni kosa zuri, kwa sababu linaonekana.

Makosa mabaya ni yale yasiyoonekana, na moja linastahili kuelezwa kwa utulivu. Katika tafiti za kaya, jibu la "sijui" au "amekataa kujibu" huandikwa mara nyingi kwa namba hasi, tuseme -9 au -99. Mwandishi wa programu anayetaka kubana nafasi huhifadhi namba ndogo ndani ya baiti moja, kwa aina ya data ambayo lugha ya C huiita char. Lugha hiyo haisemi kama char ina alama ya hasi au haina. Imeacha kila jamii ya mashine iamue. Kwa desturi, kwenye x86 ina alama, na kwenye ARM chini ya Linux na Android haina. Basi msimbo uleule, bila herufi moja kubadilishwa, na bila kompaila, yaani programu inayogeuza msimbo kuwa amri za mashine, kulalamika, unaisoma -9 kuwa 247 na -99 kuwa 157.

Fikiria matokeo yake. Muleba ndiko lilikofanyika jaribio la vyandarua vyenye kiambata cha PBO, lililoanza mwaka 2014 na kuchapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2018, ambamo malaria ilipimwa kwa watoto wa miezi 6 hadi miaka 14. Katika utafiti wa namna hiyo, tuseme umri usiojulikana umegeuka kuwa miaka 247. Mchambuzi akichuja umri, mtoto huyo hutoka kimyakimya, wala hahesabiwi miongoni mwa waliokosa taarifa. Hilo angalau kuna mtu atakayelicheka akiliona. Lakini kaya iliyokataa kutaja kuku wake, ikawekewa -99, sasa ina kuku 157, na kuku 157 pembezoni mwa mji wa Bukoba si ajabu hata kidogo. Wastani wa mifugo wa kijiji unapanda. Wakati huohuo kanuni ya kuruka maswali, inayosema kwamba jibu likiwa chini ya sifuri nenda swali la 40, haitekelezwi tena kamwe, kwa sababu hakuna kilicho chini ya sifuri. Mdadisi anaendelea kuuliza maswali ambayo hakupaswa kuyauliza. Kurekebisha kosa hili ni neno moja katika msimbo. Kuligundua kunaweza kuchukua wiki, au lisigunduliwe kabisa. Kadirio linalohesabu neno hilo moja limehesabu nini hasa?

Yapo mengine ya ukoo huo. Programu za zamani za x86 mara nyingi zilikokotoa desimali kwa biti 80 ndani ya kichakataji kabla ya kuzipunguza kuwa 64. ARM hukokotoa kwa 64 moja kwa moja, hivyo jumla ya matumizi ya kaya inaweza kutofautiana katika tarakimu za mwisho. Tofauti hiyo haina madhara, lakini lazima mtu aamue kwamba haina madhara, aweke mpaka wake kwa maandishi, na autetee mbele ya mchambuzi. Uamuzi nao ni kazi yenye saa zake. Gumu kuliko yote ni mpangilio wa kumbukumbu. Programu ikifanya mambo mawili kwa pamoja, kwa mfano uzi mmoja wa utekelezaji unaandika mahali kaya ilipo na mwingine unahifadhi majibu, x86 huonyesha maandiko ya uzi mmoja kwa mwingine karibu kwa mfuatano yalivyoandikwa. ARM ina uhuru zaidi wa kuyapanga upya. Kosa lililolala miaka 10 kwenye mashine ya kwanza laweza kuamka kwenye ya pili, mara moja katika mahojiano maelfu, na kaya moja ikapewa mahali pa kaya nyingine. Hapa ndipo kadirio la haki linapopanuka, kwa sababu majaribio ya wiki mbili yanaweza yasilione.

Kwa hiyo nashauri mpangilio ufuatao wa fikra. Kabla ya kutaja miezi, ulizia ushahidi uliopo. Je, yapo madodoso yaliyojazwa siku za nyuma, na matokeo yake yanajulikana? Data za Utafiti wa Kagera zimefunguliwa kwa watafiti bila majina ya watu. Majibu ya namna hiyo yanaweza kulishwa upya, swali kwa swali, kwenye mashine ya zamani na mpya, kisha mafaili mawili yakalinganishwa baiti kwa baiti. Taasisi yenye hazina hiyo tayari imelipa sehemu kubwa ya gharama ya kuhama, miaka mingi kabla ya kuhama. Isiyo nayo italazimika kuijenga, na ujenzi huo uandikwe kwenye bajeti kwa jina lake. Baada ya hapo pimeni kwa kuanza: toeni muda mfupi unaolipiwa, msimbo ukompailiwe kwa ARM kama ulivyo, maktaba za nje, yaani msimbo wa wengine ambao programu inautegemea, zihesabiwe na kuulizwa moja moja kama zina toleo la ARM, sehemu moja ndogo ihamishwe mpaka mwisho, ijaribiwe na kurekebishwa. Tuseme katika ile programu ya mistari 50,000 jaribio linaonyesha mistari 2,000 inayogusa mashine na maktaba mbili zisizo na mwenyewe tena. Sasa mazungumzo yana kitu cha kushika. Kadirio litatoka kama masafa, labda miezi 6 hadi 14, na mtoaji wake ataweza kusema ni ugunduzi gani utalisogeza kwenye 6 na upi utalisukuma kwenye 14.

Najua pingamizi la kwanza litatoka kwa vijana: hizi ni habari za C na C++, leo tunaandika kwa Java, Python au JavaScript, na lugha hizo hazijali kichakataji. Kuna ukweli mkubwa hapo, na programu mpya ziandikwe hivyo inapowezekana. Hata hivyo lugha hizo hazijaondoa tatizo, zimelihamishia ghorofa ya chini. Chini yake kuna hifadhidata, maktaba za picha na za usimbaji fiche zilizoandikwa kwa C, na kuna mtu mahali fulani aliyezihamisha. Siku maktaba moja isiyo na mtunzaji inapokosa toleo la ARM, kijana wa Python anakuwa mhamishaji wa C bila kutaka. Isitoshe, ule ukoo wa skrini, mafaili na simu inayoingia katikati ya mahojiano haujali lugha uliyoandikia.

Wengine watasema iachwe programu ilivyo, itumike programu ya kutafsiri amri za mashine moja kwenda nyingine. Apple walifanya hivyo vizuri walipohama kutoka PowerPC kwenda Intel mwaka 2006, na tena kutoka Intel kwenda ARM mwaka 2020. Mafanikio hayo ni ya kweli. Lakini tafsiri ile ya kwanza, Rosetta, iliondolewa katika mfumo wa mwaka 2011, miaka mitano tu baada ya kuja, na aliyekuwa ameitegemea akabaki pale alipokuwa 2006. Tafsiri ni muda uliokopwa. Ni busara kuukopa ikiwa utafiti unaanza mwezi ujao. Si busara kuuita uhamisho.

Pingamizi linalonishughulisha zaidi ni la wale wanaotaka kuandika upya kila kitu, hasa sasa ambapo zana za akili mnemba huandika msimbo kwa kasi. Wanasema programu ya zamani ni chakavu, na kuitupa ni rahisi kuliko kuikarabati. Msimbo mpya kweli hupatikana upesi. Lakini sheria za dodoso, mamia ya miruko na ukaguzi ulioongezwa baada ya kila awamu, mara nyingi haziko kwenye waraka wowote isipokuwa ndani ya msimbo uleule unaotupwa. Na swali la ushahidi linabaki kama lilivyo: utajuaje kwamba mpya inasema kile ilichosema ya zamani? Kasi ya kuandika haipunguzi kazi hiyo hata siku moja. Inaifanya iwe sehemu kubwa zaidi ya gharama. Thamani ya ukaguzi huo si ya kubuni. Watafiti Caeyers, Chalmers na De Weerdt walilinganisha karatasi na kompyuta kwa majaribio ya kaya 1,840 huko Pemba, yakachapishwa mwaka 2012, na wakakuta karatasi ina makosa mengi ambayo kompyuta huyazuia. Faida hiyo yote imo ndani ya sheria za ukaguzi. Zikiharibika njiani, kishikwambi ni karatasi yenye betri.

Linabaki la mfadhili na afisa manunuzi, wanaotaka namba moja kwa sababu fomu ina kisanduku kimoja. Siwalaumu, fedha za umma hazitolewi kwa masafa. Suluhisho ni kugawa mkataba: jaribio fupi kwa bei maalumu kwanza, kisha kazi kuu kwa bei itakayotokana na jaribio. Mkandarasi anayekataa mgawanyo huo na kutoa namba moja siku ya kwanza ama ameijaza akiba ya kutosha kufunika ujinga wake, ama atarudi katikati ya mwaka kuomba nyongeza. Katika hali zote mbili mlipaji ni yuleyule.

Nawaomba basi wanaoandika zabuni katika halmashauri za Bukoba na Muleba, hospitalini, vyuoni na kwenye vyama vya ushirika, waweke masharti mawili katika kila programu inayonunuliwa kuanzia sasa: mnunuzi akabidhiwe msimbo wa chanzo, na akabidhiwe seti ya majaribio yenye majibu yake sahihi. Mashine mnazozinunua mwaka huu hazitakuwa sokoni sensa ya 2032 itakapofika. Mtu akiwaletea kadirio la kuhamisha programu isiyo na vitu hivyo viwili, msilitie saini.